KABLA YA KUONGEZA CHUMBA, TAZAMA SAKAFU ULIYONAYO

Wananchi wengi wa Unguja na Pemba, wakiwemo watumishi wa Serikali, hufikia wakati ambapo nyumba waliyoirithi, waliyoinunua au waliyoijenga kidogo kidogo huwa haiwatoshi tena. Watoto wamekuwa wakubwa, mzee amehamishwa kutoka shamba ili awe karibu na hospitali, au kijana anataka kuoa na hana pa kumweka mkewe. Fedha zilizowekwa kwa miaka mingi, au sehemu ya kiinua mgongo, hutolewa benki na fundi huitwa. Aghalabu fundi huyo huanza kuchimba msingi siku ya pili yake.

Makala haya yanakusudiwa kwa mwenye nyumba ambaye hajawahi kusimamia ujenzi wowote, ili ajue mambo ambayo ni wajibu wake kuyaangalia yeye mwenyewe kabla ya jembe la mwanzo kupigwa, na khasa jambo moja ambalo husahauliwa, nalo ni hali ya sakafu aliyonayo hivi sasa. Sakafu ndiyo sehemu ya nyumba iliyo karibu zaidi na ardhi, na kwa sababu hiyo ndiyo ya mwanzo kutoa habari za yanayotokea chini. Ikiwa imepasuka, ardhi iliyo chini yake imesogea au haikushindiliwa. Ikiwa ina unyevunyevu usiokauka, kuna maji yanayopita au yanayotuama hapo. Chumba kipya kitakachojengwa ubavuni mwa sakafu ya namna hiyo kitasimama juu ya ardhi ile ile na maji yale yale, na kitapata maradhi yale yale, isipokuwa yatakuja kwa haraka zaidi kwa kuwa msingi mpya haujatulia.

Kuichunguza sakafu

Kazi hii haihitaji fundi wala gharama. Kwanza, mwenye nyumba achukue kipande cha nailoni chenye upana wa futi 2 hivi, akitandaze juu ya sakafu iliyo wazi na kuzibandika kingo zake zote kwa gundi ya utepe. Akiache kwa muda wa siku moja hadi mbili. Akikifunua na kukuta matone upande wa chini, basi maji yanapanda kutoka ardhini. Yakiwa upande wa juu tu, huo ni unyevunyevu wa hewa ya ndani, na dawa yake ni madirisha na upepo, wala hakuna haja ya kuvunja kitu. Watu wengi wamevunja sakafu nzima kwa sababu ya chumba kisicho na dirisha la pili.

Pili, agonge sakafu kwa ncha ya nyundo ndogo au kwa sarafu nzito, kidogo kidogo, kuanzia pembeni kuja kati. Pahala palipo pazima hutoa sauti kavu na fupi. Palipoachana na tabaka la chini hutoa sauti ya kitu kitupu, mfano wa kugonga dafu lililokwisha kunywewa. Azizungushie chaki sehemu hizo. Zikiwa chache na ndogo, hukatwa na kutiwa viraka. Zikiwa zaidi ya nusu ya chumba, tabaka la juu lote halina budi kuondolewa, kwani kiraka juu ya kiraka hakidumu.

Tatu, na hili ndilo linalohitaji subira, azitazame nyufa. Ufa mwembamba kama unywele unaokwenda ovyo ovyo juu ya uso wa sakafu mara nyingi ni wa kukauka kwa saruji tu, na hauna khatari. Ufa ulio mpana upande mmoja na mwembamba upande mwengine, au ambao ukingo wake mmoja umeshuka kuliko wa pili, au unaotoka sakafuni ukapanda ukutani, ni habari nyengine kabisa. Kwa ufa wa namna hiyo apige mstari wa kalamu ya risasi mahali unapoishia, aandike tarehe pembeni, na apime upana wake. Kisha asubiri masika yapite, yaani kuanzia Machi hadi Mei. Iwapo ufa umeuvuka mstari, nyumba bado inasogea, na hakuna ruhusa ya kujenga chochote kilichogusana nayo mpaka sababu ijulikane.

Nne, atazame kama sakafu iko sawa. Mafundi hutumia pima maji, lakini chombo sahihi zaidi kwa masafa marefu ni mpira mwembamba unaoonesha ndani, uliojazwa maji bila ya povu. Ncha zake mbili zikiinuliwa katika pembe mbili za chumba, maji husimama kwa kimo kimoja kila upande, na mtu akapiga alama ukutani na kupima kutoka alama hadi sakafuni. Tafauti ya nusu inchi katika chumba cha kale si ajabu. Inchi 2 ni jambo la kuuliza.

Shimo lililosahauliwa

Mwandishi wa makala haya anayasema haya kwa kuwa yamempata. Mnamo mwaka 2011 aliongeza chumba uani kwake, nyumba iliyoko Ng'ambo, aliyoinunua miaka sita kabla yake. Chumba kilikuwa cha mama yake mzazi, aliyekuja kutoka Wete akiwa na maumivu ya goti yaliyomzuia kupanda hata kizingiti kirefu. Kazi ilikwisha kwa wiki tano. Sakafu ilipakwa rangi nyekundu na kusuguliwa hata mtu akajiona uso, na majirani walikuja kuitazama. Ufa uliokuwepo katika sakafu ya ukumbi, ulioelekea upande ule ule wa uani, ulizibwa kwa saruji na kusahauliwa.

Masika ya mwaka uliofuata mama alilalamika kuwa ndimu ikimponyoka huviringika hadi pembeni mwa chumba, na daima pembe ile ile. Mwandishi alicheka. Baada ya wiki tatu kitanda kililazimika kutiwa kipande cha ubao chini ya mguu mmoja, na ufa ulikuwa umepanda ukutani hadi kwenye dirisha. Hapo ndipo jirani, bibi mwenye umri mkubwa kuliko nyumba zote za mtaa ule, aliposimama mlangoni akatazama na kusema, "Mwanangu, mbona hukuniuliza? Hapo palikuwa na shimo la choo tangu mimi bibi harusi."

Lilipofukuliwa, shimo lilikuwa na kina cha zaidi ya futi 8. Mwenye nyumba wa zamani alipohamisha choo alilijaza makumbi ya nazi, makuti chakavu na taka, kisha akafunika udongo juu. Makumbi huoza polepole, na yakioza hupungua. Maji ya masika yaliingia, udongo ukatitia, na sakafu mpya pamoja na pembe ya ukuta ikafuata. Kutoa uchafu wote ule, kujaza mawe na kifusi kwa matabaka, kuvunja pembe na kuijenga upya kuligharimu zaidi ya chumba chenyewe. Mama alilala ukumbini miezi miwili, nyuma ya pazia, na hakulalamika hata mara moja, jambo ambalo kwa mwandishi lilikuwa zito kuliko gharama.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua pahala pa kujenga, mwenye nyumba awaulize wazee wa mtaa: choo cha kwanza kilikuwa wapi, kisima kilikuwa wapi, karo lilikuwa wapi, na maji ya mvua yalikuwa yakipita njia ipi kabla ya nyumba hizi kujengwa. Pahala penye shaka pachimbwe shimo dogo la majaribio, lenye kina cha futi 4 au 5, au patobolewe kwa mtaimbo. Mtaimbo ukizama kwa wepesi au ukitoka na harufu, hapo si pahala pa msingi. Fauka ya hayo, apime masafa kati ya karo jipya na kisima chochote kilicho karibu, chake au cha jirani. Masafa yanayopendekezwa kwa kawaida ni mita 30 au zaidi, na katika ardhi yetu ya mawe ya matumbawe, ambayo maji hupita ndani yake kwa haraka, masafa hayo yasipunguzwe.

Kujenga ubavuni mwa nyumba ya kale

Nyumba ya zamani imekwisha kukaa. Msingi mpya, hata ukiwa mzuri, utashuka kidogo katika miaka yake ya mwanzo. Vitu viwili vinavyokwenda mwendo tafauti vikifungwa pamoja kwa nguvu, vitapasukiana. Kwa sababu hiyo ni bora ukuta mpya usipachikwe ndani ya matufali ya ukuta wa kale, bali uachwe mwanya wa sentimita 1 hivi kutoka msingini hadi juu, ujazwe kitu laini na kufunikwa. Wapo mafundi watakaokataa na kusema kuwa huo ni udhaifu. Mwenye nyumba ashikilie.

Msingi mpya usichimbwe chini zaidi ya msingi wa kale ulio ubavuni mwake, kwani kuuondolea udongo ni kuuondolea mahali pa kusimama. Ikilazimu kuchimba karibu nao, pachimbwe kwa vipande vifupi vya mita 1, kimoja kijengwe na kukauka ndipo kifuate chengine. Kamwe mtaro mrefu wa msingi usiachwe wazi usiku wa mvua. Kuhusu pembe, hapahitajiwi chombo cha ghali: kamba ikipimwa futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili, na masafa baina ya alama hizo yakawa futi 5 kamili, pembe imenyooka.

Mlango wa kuunganisha nyumba mbili ndio mahali ambapo ajali hutokea. Kabla ya kutoboa ukuta wa kale, uzito ulio juu yake utegemezwe kwa nguzo na mbao, kisha linta iwekwe ikiwa imelala angalau inchi 6 juu ya ukuta kila upande. Katika nyumba za zamani za fito na udongo, ambamo paa hubebwa na nguzo zilizofichwa ndani ya ukuta, mwenye nyumba asiruhusu nguzo yoyote ikatwe mpaka ajue imebeba nini. Na ikiwa chumba ni cha mzee, sakafu mpya iwe sawa sawa na ya zamani. Ngazi ya inchi 3 mlangoni ni mtego.

Sakafu yenyewe

Ardhi ya ndani ya msingi huondolewa udongo mweusi na mizizi, kisha hujazwa kifusi safi kwa matabaka yasiyozidi inchi 6, kila tabaka likimwagiwa maji kidogo na kushindiliwa kabla ya jengine kutiwa. Hapa ndipo fundi mwenye haraka hujaza futi 2 kwa mara moja na kushindilia juu tu, na mwenye nyumba ambaye yuko kazini hatojua mpaka baada ya mwaka. Basi siku ya kujaza kifusi ndiyo siku ya kuomba likizo, wala si siku ya kupaka rangi.

Juu ya kifusi hutandazwa mchanga mwembamba na nailoni nzito isiyotoboka, ambayo huzuia unyevunyevu usipande. Kisha hufuata zege la unene wa inchi 4, kwa kipimo cha saruji moja, mchanga viwili na kokoto vinne. Kwa chumba cha mita 3 kwa mita 4, yaani karibu futi 10 kwa 13, zege hilo huhitaji mifuko 8 hivi ya saruji ya kilo 50, na tabaka la juu la kusawazishia lenye unene wa sentimita 4, la saruji moja kwa mchanga vinne, huhitaji mifuko 4. Vipimo vifanywe kwa ndoo, wala visifanywe kwa pauro, kwani pauro moja ya mtu mwenye nguvu ni mbili za mwenzake. Uso wa sakafu ya ndani uwe angalau inchi 6 juu ya ardhi ya nje. Katika choo na pahala pa kukogea, sakafu iinamie tundu la maji kwa sentimita 2 katika kila mita 1.

Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa. Chumvi yake huvuta unyevunyevu na kuzitia kutu nondo, na nondo ikipata kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Aidha, kuuchota ni kuula ufukwe wenyewe. Mchanga ni katika maliasili zisizorejesheka, na mwenye nyumba aununue katika sehemu zilizoruhusiwa na aiweke stakabadhi yake.

Maji ya kuchanganyia yawe machache kadiri inavyowezekana. Zege linalomiminika kama uji ni jepesi kufanyia kazi, lakini hukauka likiwa dhaifu na lenye nyufa. Likishashika, hapo ndipo maji mengi yanapohitajika: sakafu ifunikwe magunia au mchanga na imwagiwe asubuhi na jioni kwa siku 7 zisizopungua. Katika siku 7 hizo zege hupata karibu theluthi mbili ya nguvu ambazo litakuwa nazo siku ya 28. Vigae visibandikwe kabla ya hapo.

Nyumba zenye hukumu yake

Wakaazi wa Mji Mkongwe wasiyachukue maelezo yaliyotangulia kuwa ni yao. Sakafu za ghorofa za nyumba zile zimekaa juu ya boriti za mikoko, zikiwa na mawe na chokaa iliyotwangwa na makundi ya watu kwa siku nyingi, na upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti. Chokaa hupumua, saruji haipumui. Kumimina saruji ya sentimita 5 juu ya chumba cha mita 3 kwa 4 ni kuziongezea boriti hizo mzigo wa zaidi ya tani 1, na kuufungia unyevunyevu ndani ya mbao. Sakafu hizo hutengenezwa kwa chokaa, na boriti iliyooza kichwa chake ukutani hubadilishwa kwa boriti. Hakuna kazi inayofanywa huko bila ya idhini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, chombo kilichoanzishwa mwaka 1985. Mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000.

Wakaazi wa nyumba za maendeleo, za Michenzani na kwengineko, waelewe kuwa ukuta wa chumba chao ni ukuta wa watu wote walio juu yao. Kuutoboa au kuuondoa ili kupata nafasi ni jambo lisiloruhusika kwa hiari ya mtu mmoja.

Idhini na maandikiano

Kwa mujibu wa Sheria ya Umilikaji Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma na mwananchi hupewa haki ya kuitumia ndani ya mipaka iliyoandikwa. Uwanja mtupu ulio nyuma ya nyumba unaweza kuwa si sehemu ya haki hiyo, hata kama watoto wamecheza hapo miaka 30. Mwenye nyumba aanze kwa Sheha wa shehia yake, akiwa na hati zake, kisha aende kuomba kibali cha ujenzi katika mamlaka inayohusika akiwa na mchoro. Ni vyema kabla ya hapo azungumze na majirani wa pande zote, awaoneshe dirisha litaelekea wapi na maji ya paa jipya yatateremkia wapi. Maji ya upenuni yanayoanguka katika ua wa mwenzio yamewafikisha mahakamani watu waliokuwa wakipelekeana futari.

Pamoja na fundi kuwe na maandikiano, hata ya ukurasa mmoja, mbele ya mashahidi wawili: kazi gani, kipimo gani cha saruji, unene gani wa zege, na malipo kwa hatua. Hatua ya msingi ilipwe baada ya kuonekana na kupimwa, na sehemu ya mwisho ibakie mpaka siku 28 za sakafu zitimie. Fundi mzuri haoni uzito kwa masharti hayo.

Wakati mwafaka wa kuanza ni baada ya masika, kuanzia Juni, ili paa liwe limekwisha kufunga kabla ya mvua za vuli za Oktoba. Nyumba ikimalizika, mwenye nyumba achore kwa mkono wake karatasi inayoonesha karo liko wapi, mabomba yamepita wapi na mashimo ya zamani yalikuwa wapi, na aiweke pamoja na hati kwa ajili ya atakayerithi au kununua. Katika karatasi ya nyumba ya mwandishi, shimo lile limetiwa duara jekundu, futi 7 kutoka ukuta wa kaskazini, na limeandikwa kina chake na lilivyojazwa.